Nguo Chafu Nyumbani: Jinsi ya Kuzihifadhi na Kuzichambua Kabla ya Kufua

Tukizungumzia ugumu wa kufua, mara nyingi tunataja maji, sabuni na jua. Tunasahau zile siku kadhaa ambazo nguo hukaa imekunjamana pembeni ikisubiri zamu yake. Humo ndimo ukungu huota, doa hukomaa, soksi hupoteza mwenzake, na shati jeupe hulaliwa na jinzi mbichi hadi likachukua rangi yake. Siku hizo zikipangwa vizuri, kufua kwenyewe kunakuwa kwepesi, uwe unafua kwa mikono au kwa mashine.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja: nguo itengwe pale inapovuliwa, na aliyeivua ndiye aitenge. Familia inayosubiri mtu mmoja achambue rundo la watu sita siku ya kufua inamwonea mtu huyo.

1. Tazama kwanza, nunua baadaye

Kabla hujanunua kapu lolote, tazama kwa wiki moja nguo zinaangukia wapi. Usigombe, tazama tu. Utaona kila mtu ana mahali pake: mmoja huvulia mlangoni mwa bafu, mwingine ukingoni mwa kitanda, na watoto huacha soksi popote pale. Hapo zinapoangukia ndipo kapu linapotakiwa kukaa. Kapu zuri lililowekwa mbali na mahali pa kuvulia litabaki tupu huku sakafu imejaa, na hotuba yako itasaidia siku mbili tu.

Kwenye nyumba yenye vyumba kadhaa, maana yake ni kuwa na makapu madogo vyumbani na moja kubwa mahali pa kufulia ambako yote humwagwa. Kwenye chumba kimoja au viwili, mfuko wa kitambaa ulioning'inizwa nyuma ya mlango unatosha na hauli nafasi.

Bafuni panavutia kwa kuwa ndiko watu wanakovua, lakini ndiko kwenye mvuke pia. Ukilazimika kuweka kapu huko, liinue juu ya kibao au kigoda, liwe mbali na maji yanayoruka, na dirisha liachwe wazi baada ya kila mtu kuoga. Usilisukume likaegemea ukuta wenye unyevu. Acha upenyo hewa ipite nyuma yake.

2. Chagua chombo kinachopumua

Nguo iliyovaliwa huwa na unyevu hata kama inaonekana kavu. Ukiifungia kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana au mfuko wa plastiki, unyevu huo hauna pa kwenda. Tafuta chombo chenye matundu ubavuni na, ikiwezekana, chini. Kapu la plastiki lenye matundu ndilo rahisi zaidi kuishi nalo: linaoshwa, linakauka upesi, na halifichi wadudu. Mfuko wa pamba nao ni mzuri kwa sababu unaingia kwenye maji pamoja na nguo zake. Makapu ya kusuka yanapendeza macho, ila vijiti vyake hunasa nyuzi za sweta na nguo laini, na yakilowa hukaa na unyevu muda mrefu. Ukilipenda sana, livalishe mfuko wa kitambaa kwa ndani.

Ukubwa nao una siri yake. Watu hununua kapu kubwa wakidhani wanapunguza kazi, kumbe wanaificha. Kapu linalomeza nguo za wiki mbili litakaa wiki mbili bila kuguswa, na zilizo chini zitakuwa zimeshavunda. Chukua kapu ambalo likijaa linatosha mzigo mmoja tu wa mashine, au kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kufua kwa mikono bila kukata tamaa. Kapu likijaa, hiyo ndiyo kengele ya kufua.

Kama kuna mtoto mdogo, epuka masanduku makubwa yenye kifuniko kizito au kinachojifunga. Watoto hupenda kujificha humo. Kwa sababu hiyo hiyo, mlango wa mashine ya kufulia ufungwe ikiwa ndani ya nyumba kuna anayetambaa au anayecheza mchezo wa kujificha.

3. Amua makundi, na yawe machache

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Mtu anasoma kwamba nguo zitengwe kwa rangi, kwa aina ya kitambaa, kwa uchafu, kwa joto la maji, kisha ananunua makapu saba na kuyabandika majina. Baada ya muda mfupi yote saba yana mchanganyiko uleule. Mtu aliyechoka, anayevua nguo usiku, anaweza kufanya uamuzi mmoja tu. Usimpe miwili.

Uamuzi huo uwe rangi: nyeupe na zilizopauka upande mmoja, zilizokoza upande wa pili. Mtoto wa miaka mitano anaweza hilo. Hawezi kukwambia kama fulana yake ni pamba au poliesta, wala hana haja ya kujua. Ukiweza, rangi ya kapu lenyewe iseme: kapu jeupe kwa nguo nyeupe, kapu jeusi au la buluu kwa zilizokoza. Kwa mdogo asiyesoma, shonea kipande cha soksi nyeupe kwenye mfuko mmoja na kipande cha jinzi kuukuu kwenye mwingine.

Kundi la tatu halikai vyumbani. Ni vitambaa vya jikoni, taulo za kufutia vyombo na matambara ya kusafishia. Haya yana mafuta, mabaki ya chakula na vijidudu vya juu ya meza na sinki, kwa hiyo yawe na chombo chao kidogo huko huko jikoni, na yasichanganywe na chupi wala nguo za mtoto mchanga hata siku ya kufua. Vitambaa vya kupigia deki vitengwe peke yake.

Kuna wanaopendelea kapu kwa kila mtu. Faida yake ni kwamba nguo zikikauka zinajulikana za nani, na ubishi wa fulana zinazofanana unaisha. Hasara ni kwamba kila kapu lina rangi zote, na unaishia kufua mizigo midogo midogo. Kwa maoni yangu, njia hiyo ingoje mpaka watoto wawe wakubwa wa kutosha kujifulia. Kijana anayefua mwenyewe apewe kapu lake, siku yake, na lawama zake. Kabla ya hapo, tenga kwa rangi.

Swali linalorudi kila mara ni nguo zenye mistari, nyeupe na nyekundu kwa mfano. Ikiwa mpya, ifuliwe peke yake kwa maji baridi mara mbili tatu za mwanzo na isilowekwe muda mrefu. Ikishazoeleka kuwa haichuji, ifuate rangi iliyo nyingi zaidi.

4. Mbichi kwenye kamba, kavu kwenye kapu

Kama familia yako itafuata kanuni moja tu kati ya zote zilizoandikwa hapa, iwe hii. Taulo iliyotoka kujifutia mwili, nguo ya kuogelea, fulana iliyolowa jasho, soksi zilizonyeshewa, shuka lililokojolewa usiku: hakuna hata moja inayoingia kapuni ikiwa mbichi.

Sababu zake ni tatu. Ya kwanza ni ukungu. Unahitaji unyevu, joto kidogo na chakula, na nguo iliyovaliwa ina chakula tele: jasho, mafuta ya ngozi, wanga wa nguo iliyopigwa uwanga. Kwenye kitambaa kibichi kilichokunjamana, ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Vile vidoa vyeusi unavyoviona kwenye fulana nyeupe huwa vimeingia ndani ya uzi, na kwenye nguo ya rangi mara nyingi havitoki tena bila kuondoka na rangi.

Ya pili ni harufu. Jasho likitoka mwilini karibu halinuki. Kinachonuka ni kazi ya bakteria wa ngozi wanaolila, na wanafanya kazi hiyo kwa raha zaidi kwenye unyevu. Jezi na nguo nyingine za michezo za poliesta hushika mafuta ya ngozi kuliko pamba, ndiyo maana jezi inaweza kutoka kwenye maji ikinukia sabuni na kuanza kunuka tena mwili ukipata joto tu. Igeuze ndani nje, iangike mpaka ikauke, ndipo iende kapuni.

Ya tatu husahaulika: rangi husafiri kwa maji. Jinzi kavu iliyolala juu ya shati jeupe kavu haina madhara makubwa. Weka taulo mbichi katikati yake, na utakuta mchoro wa buluu kwenye shati.

Kwa hiyo karibu na kila kapu pawe na mahali pa kuning'iniza: msumari, kulabu ya mlangoni, kamba fupi au mgongo wa kiti. Bila hapo, kanuni hii ni maneno matupu.

5. Doa lishughulikiwe siku ile ile

Si lazima ufue nguo nzima. Unachotaka ni kulizuia doa lisikomae kabla ya siku ya kufua. Weka karibu na kapu kubwa brashi laini, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na vibanio vichache vya nguo. Vibanio vina kazi maalumu: mwenye doa abane kibanio juu yake kabla ya kuitupa nguo kapuni. Siku ya kufua, kibanio kinakwambia mahali pa kuanzia, na huhitaji kuikagua kila fulana kwa taa. Kumbuka tu kuvitoa, nguo isije ikatumbukia navyo kwenye mashine.

Damu, maziwa, yai, matapishi na mkojo: maji baridi tu. Hivi vina protini, na maji ya moto huigandisha ndani ya uzi kama yai linavyoganda kikaangoni. Suuza kwa upande wa nyuma wa kitambaa ili doa lisukumwe kutoka lilikoingilia.

Mafuta na siagi: sabuni ya vyombo moja kwa moja juu ya doa likiwa kavu, bila maji. Fikicha taratibu, acha dakika kadhaa, kisha suuza kwa maji ya uvuguvugu. Ukianza na maji, unayasambaza tu.

Chai, kahawa na juisi za matunda: suuza upesi kwa maji baridi. Usizipake sabuni ya mche. Inaweza kulifanya doa la namna hii lishike zaidi. Sabuni ya unga au ya maji ndiyo inayofaa.

Tope: acha likauke kabisa. Najua mkono unawasha kuligusa, lakini tope bichi likisuguliwa huingia ndani. Likikauka, kung'uta na upige brashi kwanza.

Wino wa kalamu: weka kitambaa cheupe chini ya doa, kisha gonga gonga kwa pamba iliyolowekwa spiriti, ukibadilisha pamba kila inapochukua wino. Usisugue kwa kuzungusha. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani.

Ubani wa kutafuna uliogandamana: barafu juu yake mpaka uwe mgumu, kisha ukwangue kwa kijiko.

Na pasi isipite juu ya doa lolote ambalo halijatoka. Vivyo hivyo mashine ya kukaushia. Joto hufunga kazi iliyokuwa bado wazi.

6. Nguo zilizovaliwa mara moja

Kila nyumba ina kiti chenye nguo ambazo si chafu za kufuliwa wala si safi za kurudishwa kabatini. Usipigane na kiti hicho, kipe jina. Kulabu mbili tatu kwa kila mtu, za suruali, sweta na koti la kuvaliwa tena. Kulabu zikijaa, nguo ya zamani zaidi inakwenda kapuni. Chupi, soksi na fulana za ndani hazina mlango huo: zikivuliwa ni chafu. Sweta za sufu usizirudishe kabatini zikiwa na jasho na mabaki ya chakula, kwa sababu huko ndiko nondo hupenda kutaga mayai, na viwavi vyao ndivyo vinavyotoboa.

7. Vitu visivyoingia kwenye kapu la familia

Nepi za kitambaa. Choo kiangushwe chooni kwanza, nepi isuuzwe, kisha iwekwe kwenye ndoo yake yenye kifuniko, kavu, bila maji. Zisikae zaidi ya siku mbili. Wengi huziloweka siku nzima kwenye ndoo sakafuni, na hapa nasisitiza: mtoto anayejifunza kutembea ana kichwa kizito kuliko nguvu za mikono yake. Akiinama ndani ya ndoo anaweza kushindwa kujitoa, na maji ya kina cha sentimita chache tu yanatosha kumzamisha. Hii inahusu ndoo yoyote ya kulowekea nguo. Iwe juu, au nyuma ya mlango uliofungwa, au imwagwe.

Vitambaa vya hedhi na nguo za ndani zilizochafuka. Viwe na chombo kidogo cha mwenyewe, visuuzwe kwa maji baridi mapema, vifuliwe na kukaushwa kabisa, juani inapowezekana. Msichana anayeanza apewe chombo hicho na sabuni yake bila maswali mbele ya watu. Akikosa mahali pa faragha, atavificha vikiwa vibichi, na hilo ndilo lenye madhara.

Nguo za mgonjwa anayetapika au kuharisha. Usizikung'ute, maana vijidudu hupeperuka na kuenea. Vaa glavu, kunja uchafu kwa ndani, ondoa ulio mzito chooni, na uzipeleke moja kwa moja kufuliwa. Tumia maji ya moto kadiri kitambaa kinavyoruhusu, nyuzi joto 60 au zaidi kwa mashuka na taulo za pamba, kisha zikauke kabisa. Nawa mikono kwa sabuni hata kama ulivaa glavu, na osha kilichozibebea.

Upele na chawa. Mashuka, taulo na nguo alizotumia mgonjwa siku za karibuni zifuliwe kwa maji ya moto na zikaushwe. Zisizofulika zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Wadudu wa upele hawaishi zaidi ya siku chache nje ya ngozi ya mtu, hivyo wiki nzima ndani ya mfuko inatosha kwa upele. Kwa chawa acha wiki mbili. Hapa ndipo mahali pekee ambapo mfuko uliofungwa unashinda kapu lenye matundu.

Nguo za kunyunyizia dawa za wadudu. Zikae nje ya chumba cha kulala, zishikwe kwa glavu, zifuliwe peke yake, na beseni au mashine isuuzwe baada yake.

Matambara ya mafuta ya mbao. Mafuta ya kitani na mengine yanayokauka kwa kupigwa na hewa hutoa joto yanapokauka. Tambara likitupwa limekunjamana kwenye rundo, joto hilo hukosa pa kutokea na linaweza kuwasha moto bila kiberiti. Litandaze nje, bapa, mbali na vitu vinavyoshika moto, mpaka likauke kabisa. Tambara lenye petroli halipaswi kamwe kuingia kwenye mashine ya kufulia wala ya kukaushia.

8. Gawanya kazi ndogo, usigawanye lawama

Mambo matatu yafanywe na anayevua, si anayefua: kutoa vitu mfukoni, kukunjua soksi zilizojiviringa, na kubana doa kibanio. Soksi zifungwe pamoja kwa pini tangu zinapovuliwa, ziingie na kutoka kwa maji pamoja. Msako wa soksi moja moja unaisha.

Nyumba nyingine huweka sharti kwamba nguo iliyovuliwa ndani nje itarudi kwa mwenyewe ikiwa imefuliwa, imeanikwa na kukunjwa ndani nje. Kwa vijana linafundisha haraka kuliko karipio. Kwa mzee wa nyumbani, sahau, mgeuzie.

Kama kuna msaidizi anayefua, mwoneshe makundi yenyewe kwa mikono na kumwambia wazi nguo gani hazimhusu. Chupi kila mtu mzima ajifulie. Ni heshima kwake na kwako.

9. Siku ya kufua: mchambuo wa pili

Kwa kuwa rangi zimeshatengwa, kilichobaki ni kazi ya dakika chache. Mwaga kapu moja tu kwa wakati, sakafuni au juu ya shuka kuukuu.

Pitisha mkono kwenye kila mfuko hata kama watu wameapa hawana kitu. Karatasi laini moja iliyosahauliwa inatosha kupaka nguo zote nyeusi chenga nyeupe. Kalamu ni mbaya zaidi. Funga zipu zisikwaruze vitambaa vingine, fungua vifungo vya mashati visivutike, funga ndoano za sidiria, na kaza kamba za suruali za michezo zisizame ndani ya pindo. Jinzi, fulana zenye michoro na nguo nyeusi zigeuzwe ndani nje.

Kisha toa pembeni zile zinazotaka utaratibu tofauti. Taulo na mashuka zitengwe na nguo za mwilini: taulo hutoa manyoya yanayong'ang'ania vitambaa laini, na shuka kwenye mashine hufunga nguo ndogo ndani yake. Mashuka na foronya za pamba zinastahimili nyuzi joto 60, kiwango kinachoua wadudu wa vumbi wanaosumbua wenye pumu na mzio. Sufu, hariri na leso laini zifuliwe kwa mkono, maji baridi.

Nguo mpya ya rangi iliyokoza ijaribiwe: lowesha pindo la ndani, libane kwa kitambaa cheupe kibichi kwa nguvu, kisha tazama kitambaa. Kikipata rangi, nguo hiyo ifuliwe peke yake.

Ukiwa na mashaka, soma lebo. Alama ya beseni yenye namba ndani inaonyesha joto la juu kabisa linaloruhusiwa. Beseni lenye mkono ni la kufua kwa mikono. Mstari mmoja chini ya beseni unataka mzunguko wa taratibu, miwili wa taratibu zaidi. Pembetatu tupu inaruhusu dawa ya kung'arisha, pembetatu iliyokatwa msalaba inaikataza, na yenye mistari miwili ya mshazari inaruhusu tu ile isiyo na klorini. Alama yoyote iliyopigwa msalaba maana yake ni usifanye.

Kuhusu dawa ya klorini: haichanganywi na siki wala na kitu chenye amonia, kwa kuwa hutoa gesi zenye sumu. Nepi na mashuka yenye mkojo yasuuzwe vizuri kwanza kabla ya kuyatia dawa hiyo, kwani mkojo uliokaa huwa na amonia. Na usiitie kwenye sufu, hariri wala nguo zinazovutika.

Uzito nao upimwe kwa akili. Kilo zilizoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu. Fulana ya mtu mzima ina kama gramu 150 hadi 200, jinzi gramu 600 hadi 800, taulo kubwa ya kuogea gramu 500 hadi 700. Ndiyo maana taulo sita na jinzi nne zinaikaribia kabisa mashine ya kilo 7 ingawa kwa macho zinaonekana chache. Zikibanana, maji hayapiti na uchafu unabaki. Anayefua kwa beseni ana kipimo chake: kama mkono hauwezi kuzungusha nguo majini, punguza.

10. Kapu nalo lioshwe

Kapu likiwa tupu ndiyo nafasi yake. La plastiki lisuguliwe kwa sabuni na kuanikwa juani mara moja kwa mwezi. La kusuka lifutwe kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, likaushwe siku nzima. Mfuko ufuliwe kila unapomwagwa. Likinuka hata baada ya hapo, sababu iko kwenye kitu kibichi kinachoingia humo, na manukato hayatakusaidia. Magadi ya kuokea yakinyunyizwa chini ya kapu kavu hupunguza harufu kidogo.

11. Kama tayari una mlima

Usianze kwa kufua. Anza kwa kuhisi kwa mkono na pua: chochote kibichi au chenye harufu ya kuvunda kitolewe kwanza, kianikwe hata kabla hakijafuliwa. Pili, toa zinazohitajika kesho kutwa: sare za shule, nguo za kazini, chupi na soksi. Hizo ndizo mzigo wa kwanza. Tatu, mashuka na taulo, kwa sababu zinapunguza rundo kwa macho na kukupa moyo. Zilizobaki zitenge kwa rangi, zikunje ovyo ovyo ndani ya mashuka mawili makuukuu yaliyofungwa, na ufue fungu moja kila siku badala ya kuzimaliza kwa siku moja. Utakachokuta chini kabisa ya mlima mara nyingi ni nguo ambazo hakuna aliyezitafuta kwa miezi. Zifue, uzikunje, na umuulize mwenyewe kama bado anazitaka kabla hujazipa nafasi kabatini.